Jalada la Mama Tuhfa

Usagara, Tanga
21 Januari 2024

Mwanangu Nasri,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itawakuta wewe na Khadija mkiwa wazima huko Mwanza, na baridi ya ziwani haimsumbui mja mzito wetu. Sisi hatujambo. Bibi yako anakusalimu. Jino lake la mwisho la mbele limeng'oka Jumatano na tangu siku hiyo hataki kupigwa picha, kwa hiyo usimwombe. Goti langu ni lile lile. Nikipanda ngazi za mahakama mawakili vijana wananipita huku wakinipa shikamoo, nami sijui kama wananiheshimu au wananicheka.

Unajua kwangu simu ni ya salamu. Jambo likiwa na uzito nataka liwe na karatasi na tarehe, ndiyo maana nakusumbua na mambo ya posta.

Kwanza nikushukuru. Nilidhani Mzee Uweso ataikimbia ile programu uliyotuwekea mwezi wa kumi na mbili. Kumbe sasa hataki hata kuliona kabati la chuma. Miaka kumi na tisa amekuwa karani wangu, na kila asubuhi alipekua madaftari matatu kutafuta kesi ipi inatajwa siku gani. Siku hizi anabonyeza mara moja, anavaa miwani, ananisomea akiwa amesimama wima. Wiki iliyopita siku ya mwisho ya kukata rufaa moja ingenipita hivi hivi. Programu ndiyo iliyotushtua.

Ila ana lalamiko. Pale pa jina la mteja panataka jina la kitambulisho tu. Mzee Uweso anasema nusu ya wateja wetu hawajulikani kwa majina hayo hata na majirani zao, na yeye anaona ni utovu wa adabu kumwandika mtu mzima jina lake kavu. Anaomba pawepo mahali pa jina analoitwa mtu. Mfikirie.

Pili, ombi lako la kuigawa programu kwa ofisi nyingine ndogo. Sina kinyongo. Wenye maghorofa Dar wananunua mifumo yao. Sisi wa chumba kimoja na feni moja nani anatukumbuka? Igawe. Unasema unahitaji mfano wa majalada ili watu waone inavyofanya kazi. Chukua nakala ya haya yetu, lakini kwa sharti moja: asijulikane mteja wangu hata mmoja. Watu hawa wamenieleza mambo ambayo hawakuwaeleza mama zao.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanamkasi


Mwanza
18 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, ina alama ya kikombe cha chai kwenye bahasha, nikajua ni yako kabla ya kuifungua. Khadija hajambo, miguu imevimba kidogo. Daktari anasema tumtarajie mgeni katikati ya Ramadhani. Mwambie Bibi simwombi picha, namwomba dua.

Shangazi, programu imetoka. Uliniuliza kwenye simu nani sasa ni mwenyewe, nikababaika. Jibu ni kwamba haina mwenyewe. Ni huria. Mtu yeyote anaweza kuifumua aone ilivyoshonwa, akairekebisha, akampa mwenzake, naye hawezi kumzuia mwingine kufanya vivyo hivyo. Tayari kuna wakili wa Bukoba, Praxeda, ana ofisi ya mtu mmoja kama yako. Ameitumia wiki mbili, kisha ameniandikia makosa saba aliyoyaona. Nilifurahi kama niliyepewa tuzo. Nimeweka na ukurasa wa majaribio, mtu popote alipo anaufungua na kuyapitia majalada ya mfano bila kuniomba ruhusa.

Kuhusu sharti lako, usiwe na wasiwasi. Nimeandika amri ndogo inayofuta kila jina la mteja na kuweka la kubuni. Nimekagua mwenyewe, jina moja moja. Hakuna Mtanga hata mmoja aliyebaki mle.

Mwambie Mzee Uweso jina la kuitwa aendelee kuliandika kwenye maelezo, kule chini, kama nilivyomwelekeza kwenye simu kabla sijachukua nakala. Kuongeza mahali pake maalumu ni kazi ya wiki nzima, na sidhani kama wengine watapahitaji.

Mtoto wako,
Nasri


Usagara, Tanga
2 Mei 2024

Mwanangu Nasri,

Assalaam alaykum, na hongera tena kwa Najat. Bibi yako amekwisha kumwambia kila anayepita kwamba mtoto ana paji la uso la kwetu, ingawa amemwona kwenye simu tu. Idi ilikuwa ya mvua. Wali uliiva, wageni wakawa wachache.

Nina jambo zito, na nitalieleza kwa utaratibu ili nisilie.

Mwezi wa kwanza alikuja ofisini mjane kutoka Ushongo, Tabia binti Mjaka, ambaye pwani yote ile wanamwita Mama Tuhfa. Hakujaaliwa kuzaa. Tuhfa ni mtoto aliyemchukua akiwa na siku saba, mama yake mzazi alipofariki, na sasa ni msichana wa miaka ishirini na minne, mshonaji. Mama Tuhfa ana kiwanja cha ufukweni alichokinunua mwenyewe kwa jasho la kusuka makuti. Kama unavyojua, kwa sheria yetu mtoto wa kulea harithi. Akifa yeye, kiwanja kinakwenda kwa watoto wa kaka yake. Kwa hiyo alitaka ampe Tuhfa hiba angali hai, kwa hati, mbele ya serikali ya kijiji. Aliniomba kitu kimoja tu, kisijulikane mpaka hati itoke, kwa kuwa anaijua jamaa yake.

Siku tatu kabla ya Idi walimwita kwenye kikao cha ukoo. Masoud, mtoto wa kaka yake, ambaye ni dalali wa viwanja, akatoa simu akasoma: "Mama Tuhfa, yule wa nyumba ya makuti mkabala na msikiti mdogo, anataka kumpa Tuhfa kiwanja cha ufukweni. Watoto wa kaka yake wasijue kabisa." Walimkalisha siku mbili. Wengine walilia, wengine walimwuliza kama amewafanya wezi. Siku ya pili aliweka dole gumba kwenye karatasi kwamba kiwanja ni cha ukoo.

Nilikwenda Ushongo. Nilimwuliza Masoud maneno yale ameyapata wapi, akacheka, akasema nikaulize ofisini kwangu. Nasri, maneno yale ni ya Mzee Uweso, neno kwa neno. Hakuna mwingine anayeandika "mkabala na msikiti mdogo" badala ya kuandika anwani.

Uliniambia programu inaweka kumbukumbu ya kila anayefungua jalada. Niangalizie ni nani aliyelifungua la Mama Tuhfa. Niandikie kwa barua. Nataka niwe na kitu mkononi kabla sijafungua mdomo.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Mwanza
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Mtoto alikuwa na mafua, na kazini tumebanwa. Khadija anakusalimu. Msalimie Bibi.

Nimeangalia ulichoniagiza. Kumbukumbu zinaonyesha jalada lile lilifunguliwa na Mzee Uweso peke yake, mara kumi na moja. Hakuna mtumiaji mwingine. Sina la kuongeza, maana ofisi yako unaijua wewe kuliko mimi.

Ukurasa wa majaribio nimeuondoa kwa muda, kwa matengenezo. Hilo halihusiani na kazi zenu, endeleeni kama kawaida.

Nasri


Usagara, Tanga
14 Julai 2024

Mwanangu Nasri,

Assalaam alaykum. Barua yako ilikuwa fupi mpaka Bibi yako akauliza kama ukurasa wa pili umepotea posta. Nikamwambia una mtoto mchanga. Hapa tuko salama. Mchana kuna joto lisilo la msimu wake, na goti langu linaona afadhali.

Nimemwondoa Mzee Uweso.

Nilimwita Jumatatu asubuhi kabla ya mahakama. Nilimwekea barua yako mezani, nikamwambia aisome. Aliisoma mara mbili, mara ya pili akiwa amevua miwani na kuisogeza karibu na macho. Nikamwambia kazi yetu imekwisha. Hakubishana. Aliweka funguo juu ya barua yako, akauliza kama jalada la kesi ya kesho aniachie mezani au kabatini. Nikasema mezani. Akaenda zake.

Ningemwonea huruma kama angelia au angekana. Kukaa kwake kimya nilikuona kama kukiri. Makarani wa mahakamani wamesikia, na unajua hakuna karani asiyesema: sasa wanamwita Kipaza. Amejaribu ofisi mbili za mawakili hapa mjini, zote zimemjibu hakuna nafasi. Nimeambiwa amehamia Mkwaja kwa dada yake.

Nakuandikia kwa sababu ni barua yako iliyonipa nguvu, na kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba nikiingia ofisini nasahau, namwita. Juzi nilimwita kwa sauti mbele ya mteja.

Mpakate Najat kwa niaba yangu.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Mwanza
15 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sitakusalimia kwa maneno mengi. Sote wazima. Ulipiga simu mara tano, na mara zote tano nilikuwa nimeishika simu mkononi.

Mzee Uweso hakumwambia mtu yeyote. Siri ya Mama Tuhfa niliitoa mimi.

Nilipopokea barua yako ya Mei niliufungua ule ukurasa wa majaribio, nikatafuta "Mama Tuhfa". Akatokea. Pale juu, kwenye jina la mteja, amri yangu ilifuta Tabia Mjaka na kuweka jina la kubuni, safi kabisa. Kule chini kwenye maelezo alibaki Mama Tuhfa wa Ushongo, na nyumba yake ya makuti, na msikiti, na kiwanja, na watoto wa kaka yake wasijue. Nilificha jina ambalo hata majirani hawalijui, nikaliacha lile ambalo pwani nzima inamwitia. Na Mzee Uweso aliliandika pale kwa sababu mimi ndiye niliyemwelekeza aliandike pale, nilipokataa kumtengenezea mahali pake.

Ukurasa una kumbukumbu ya wageni. Katikati ya Ramadhani mtu aliyekuwa akitafuta mtandaoni kiwanja cha Ushongo aliletwa moja kwa moja kwenye jalada lile, akakaa nalo dakika arobaini. Bila shaka ni Masoud. Hakuiba kitu, Shangazi. Aliufungua mlango niliouacha wazi kwa walimwengu wote.

Ningeweza kukuambia sikufikiri. Mimi ni mtoto wa Usagara. Nimekua nikitumwa kwa Mama Fulani na Baba Fulani, na hadi leo majina yao ya kitambulisho siyajui. Tangu Najat azaliwe, mtaa huu hakuna anayeniita Nasri, wote ni Baba Najat, hata muuza maziwa. Kila ninapoitwa hivyo namwona yule mama.

Kisha ile barua ya Juni. Kila neno lililomo ni la kweli. Jalada alilifungua Mzee Uweso peke yake, mara kumi na moja, kwa sababu ndiyo kazi yake. Nililipanga kila neno la kweli mpaka likatoa uongo, nikijua wewe ni wakili na utalitumia kama ushahidi. Nilijidanganya kwamba utamkaripia tu, kwamba yatapita. Ulipoandika kwamba aliisoma mara mbili sikuimaliza barua yako siku ile.

Kuna jingine, nalo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Katika kazi za programu huria, kosa likipatikana huandikwa hadharani: nini kilichoharibika, nani aliyesababisha, watu gani wamo hatarini. Nililiandika kosa hili tarehe tatu Agosti. Nilikiri kwa jina langu mbele ya watu wa nchi ambazo sijafika. Wakili Praxeda alikasirika, kisha akanisifu kwa ukweli wangu. Nikazipokea sifa zile. Wageni walijua wiki sita kabla yako.

Jana Khadija aliiona barua hii mezani, ni ya nne kuiandika, akaniuliza Mzee Uweso ana miaka mingapi. Nikasema sitini na moja. Akaniuliza nangoja afike mingapi.

Nifanye utakavyoona.

Nasri


Usagara, Tanga
20 Oktoba 2024

Nasri,

Assalaam alaykum. Bibi yako anakusalimu. Sijamwambia. Anauliza lini atamwona Najat.

Barua yako nilikaa nayo siku nane. Siku ya tatu nilitaka kukulaani, na nimshukuru Mungu hapakuwa na wino mezani. Siku ya nane niliitia mkobani nikaanza safari.

Nilianzia Ushongo. Mama Tuhfa alinipokea nikiwa nimesimama na hakunikaribisha kiti, na mwanamke wa pwani asipokupa kiti umekwisha kujibiwa. Nilimweleza yote. Nikamwambia lile dole gumba alibanwa kuliweka, na hilo naweza kulipeleka mbele ya hakimu, tena bila malipo. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Bi Wakili, ofisi yako ina mdomo. Na hawa watoto wa kaka yangu ndio watakaonizika. Niache." Tuhfa amehamia Pangani, amepanga chumba, anashona. Vigingi vya Masoud viko kiwanjani, nimeviona kwa macho yangu.

Kwa hiyo hilo limekwenda, Nasri. Usiniandikie kwamba litarudi.

Kutoka hapo nikaenda Mkwaja. Mzee Uweso nilimkuta nyuma ya nyumba ya dada yake, anaandikia watu barua za maombi ya kazi kwa mkono, ana foleni ya watu watatu. Alinyanyuka, akaniita Bi Wakili, akamtuma mtu chai. Nikampa barua yako. Aliisoma kama alivyoisoma ile ya kwanza, mara mbili, miwani mkononi. Alipomaliza alisema kwamba wewe umekosa, ukaogopa, kisha ukasema, na kwamba ukiomba radhi atakupa. Nikashusha pumzi. Nikamwambia funguo zake nimekuja nazo.

Hakuzigusa. Akaniambia, "Yule kijana ana kosa lake. Lakini Bi Wakili, siku ile uliniuliza?"

Funguo zikabaki mkononi mwangu.

"Nilikuwa na jawabu. Nilingoja uniulize."

Nasri, nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Nimesimama mbele ya mahakimu kutetea wezi wa kuku, wapiga wake zao na wauzaji wa viwanja hewa, na kila mara neno langu la kwanza limekuwa kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Nimewahi kushinda rufaa kwa hoja hiyo peke yake. Na yule aliyezichapa hoja zile zote, miaka kumi na tisa, nilimwekea karatasi mezani nikamwambia aende. Barua yako ilidanganya, ndiyo. Lakini ilikuwa na mistari michache, nami nilikuwa na mtu mzima mbele yangu mwenye ulimi. Nilisoma karatasi kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kumtazama machoni. Wewe ulijua nitafanya hivyo, na hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Kurudi kazini amekataa. Anasema ofisi ni yangu, lakini jina ni lake, na jina halikuharibikia Mkwaja. Liliharibikia kwenye benchi la makarani nje ya masjala, pale wanapomwita Kipaza, na pale pale ndipo anataka lisafishwe. Anataka barua yako isomwe pale, yote, kwa sauti yako, makarani wakiwapo. Hataki isomwe na mimi. Baada ya hapo ataamua kama anataka kazi, na kama ataitaka kwangu.

Nimemwambia utakuja. Sikukuuliza na sikuulizi sasa.

Ni Ijumaa ya tarehe nane Novemba, saa tatu asubuhi, kabla kesi hazijaanza kutajwa. Khadija na mtoto walete, watamtia Bibi moyo. Usivae suti. Usitafute maneno mengine ya kuongeza, barua ile inatosha kama ilivyo, na pale penye tarehe tatu Agosti usiparuke.

Nitasimama kando yako, lakini usidhani nimekuja kama wakili wako. Ukimaliza kusoma yako, nitasoma na yangu. Nimekwisha kuiandika, ina mstari mmoja: Mimi Mwanamkasi, wakili, sikumuuliza.

Shangazi yako